Kihariri Kilichojaza Jina la Beberu

Mstari wa mbuzi wa jirani yangu uligeuka mwekundu saa mbili na dakika kumi na saba asubuhi, siku ya Jumamosi. Nina hakika na saa hiyo kwa sababu kompyuta huiandika pembeni mwa kioo, nami niliikodolea macho pembe hiyo nikitafuta mahali pa kutazama. Nyuma yangu, kwenye kiti cha mbao, jirani mwenyewe alikuwa ameketi na kikombe cha chai mkononi, akisubiri nimchapishie cheti cha ukoo wa mbuzi wake. Mnunuzi alikuwa njiani kutoka upande wa Meru na alikuwa ameahidi kufika saa nne.

Cheti hicho kilikuwa karatasi moja tu, lakini kilibeba tofauti ya shilingi elfu sita. Mtamba wake, aliyekuwa na mimba ya kwanza, angelipiwa elfu kumi na nne akiwa na cheti kinachosema ana robo tatu ya damu ya kizungu. Bila cheti hicho, elfu nane, tena akibahatika. Na elfu kumi na nne ndizo hasa zilizobaki ili jirani yangu amalize kulipia tangi la maji la plastiki alilowekewa kando katika duka moja pale Kianjokoma. Alikuwa mjane aliyepita miaka sitini. Maji aliyachota mtoni, bondeni, na goti lake la kushoto lilikuwa limeanza kukataa kupanda.

"Karani," akasema, "hiyo nyekundu ni ya uzuri ama ni ya ubaya?"

"Ni ya kuangalia, mama."

"Haya, angalia. Mimi nakunywa chai."

Inabidi nieleze nyekundu hiyo ilitoka wapi, maana niliiweka mimi mwenyewe jioni iliyotangulia, na niliiweka kwa fahari.

Mimi ni mtunza stoo. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa nimepima mbolea na mbegu katika duka la pembejeo kwa miaka mingi kuliko ninavyopenda kutaja. Shule niliishia kidato cha pili. Mengine nimeyatafuta vitabuni, ukurasa baada ya ukurasa, kwa kalamu ya risasi. Jumamosi nilikuwa karani wa kundi letu la wafugaji wa mbuzi wa maziwa. Tulikuwa watu arobaini na kidogo, na mali yetu kubwa ilikuwa beberu mmoja mweupe, wa kizungu, aliyewekwa kituoni kwetu. Wanachama walimletea mbuzi majike wapandwe. Sheria ya kundi ilikuwa kali kuhusu jambo moja: hakuna mwanachama kufuga beberu wa kienyeji asiyehasiwa, damu isije ikarudi nyuma. Na baada ya muda beberu alihamishwa, wetu akaenda kwa kundi la Kibugu na wa Kibugu akaja kwetu, ili baba asikutane na binti zake.

Nilichaguliwa karani kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka. Kisha nikanunua kompyuta iliyotumika, na ndani yake aliyekuwa nayo kabla yangu alikuwa ameacha programu ya kuhariri maandishi. Kwa nje ilikuwa kioo kitupu chenye mshale unaopepesa. Kwa ndani, niligundua polepole, ilikuwa nyumba ambayo mpangaji anaruhusiwa kuhamisha kuta.

Nilichapisha mwongozo wake katika saiba moja, duka la intaneti, mjini Embu, kurasa mia moja na arobaini, nikausoma miezi minane nikiwa na kamusi. Nilichojifunza kwa ufupi ni hiki. Kihariri hicho hakina sura moja. Ukifungua barua, kinavaa hali ya barua na kuikata mistari isiyozidi upana wa karatasi. Ukifungua jedwali, kinavaa hali ya jedwali na kupanga safu. Vitufe ni vile vile, lakini tabia inabadilika, kama jembe lile lile linavyoshikwa vingine ukipalilia maharagwe na ukichimba shimo la mgomba. Kihariri hujua kivae hali gani kwa kutazama mkia wa jina la faili, yaani zile herufi chache zinazofuata nukta. Na faili likiwa halina mkia, kinavaa hali ya msingi, yaani ile inayokuja kama mtu hakusema kitu.

Na hali hizo mtu anaweza kujitengenezea. Unaandika maagizo kwa mabano, mabano ndani ya mabano, hadi mwisho wa mstari unafunga matano kwa mpigo. Mama watoto alisema nilikuwa nimeoa mke wa pili na huyo alikuwa wa mabano.

Nikatengeneza hali ya mbuzi. Ukifungua ukurasa mpya ilikuuliza maswali kwa zamu: jina la mbuzi, mama yake, tarehe mama alipopandwa, beberu, tarehe ya kuzaliwa, rangi. Mwisho ilikokotoa damu yenyewe, nusu, robo tatu, na kadhalika. Baada ya wiki mbili niliona kwamba kwenye swali la beberu nilikuwa nikiandika jibu lile lile kila mara, maana kituo kilikuwa na beberu mmoja. Mtu wa utaratibu haandiki kitu kimoja mara mia. Nikaongeza mstari mmoja wa maagizo: nisipoandika kitu, jibu liwe beberu mweupe wa kituo. Kisha, kwa kuwa karibu mafaili yangu yote yalikuwa ya mbuzi, nikachoka pia kuandika mikia, nikaifanya hali ya mbuzi kuwa hali ya msingi ya kihariri kizima. Nilijisikia kama mtu aliyechimba mfereji na sasa anatazama maji yakienda yenyewe.

Wa kwanza kutumbukia mferejini alikuwa mama watoto. Siku moja aliketi kumwandikia barua dada yake mdogo aliyeolewa Gachoka, kumwalika kwetu likizo. Faili lake halikuwa na mkia. Aliandika jina la dada yake, kihariri kikamuuliza mama wa huyu ni nani. Mama watoto alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mwalimu akiulizwa swali analijibu. Akaandika jina la mama yao. Alipoulizwa beberu, akaruka. Barua ilipotoka kwenye printa ilisema kwamba shemeji yangu alizaliwa na beberu mweupe wa kituo na kwamba damu yake haijulikani.

Alimsomea kwenye simu. Niliwasikia wakicheka mpaka salio likaisha.

"Baba yetu kweli alikuwa mweupe," aliniambia baadaye, "lakini sikumbuki pembe."

"Ulipaswa kuweka mkia kwenye jina."

"Mimi? Mkia nimewekewa tayari, mimi na dada yangu."

Mtu mwenye busara angesimama hapo akajiuliza kihariri kinajaza nini kingine watu wakiruka swali. Mimi nilitengeneza tu kanuni mpya kwamba barua iwe na mkia wake, nikarudi kwenye mbuzi.

Mambo yakaendelea hivyo karibu miaka miwili. Ijumaa ile iliyotangulia nilipewa daftari la kituo, daftari la mkono linaloonyesha beberu aliingia lini na kutoka lini, ili nalo nilitie kwenye kompyuta. Nikalitia. Halafu, kwa kuwa kazi ya jioni hiyo haikuwa imenitosha, nikaongeza ukaguzi: kila mstari wa mbuzi ulinganishwe na daftari, na tarehe isipokubaliana na beberu, mstari uwe mwekundu. Nilienda kulala bila kuujaribu. Nilitaka kuujaribu mbele ya mtu.

Basi mtu ndiye huyo nyuma yangu, na nyekundu ndiyo hiyo.

Nilisoma mara tatu. Mama wa mtamba alipandwa tarehe fulani, na tarehe hiyo beberu mweupe alikuwa Kibugu. Alikuwa amehamishwa wiki tatu kabla. Wa Kibugu aliyepaswa kuja kwetu alikuwa ameumwa kwato, akachelewa, na kwa muda wa wiki saba kituo chetu kilikuwa na banda tupu. Nikabonyeza kitufe kilichoonyesha mistari yote myekundu. Ilikuwa kumi na mitatu. Yote ya wiki zile saba, maana wa Kibugu alipofika kila mtu alimtaja nami nikamwandika, na yote ilisema baba ni beberu mweupe, ambaye angehitaji mabawa.

"Mama," nikasema bila kugeuka, "mama wa huyu mtamba alipandwa na beberu gani?"

Alikunywa funda moja. "Chai yenu ina tangawizi," akasema.

Nikangoja.

"Mama watoto ameweka mingi. Ni nzuri kwa kifua."

Hapo nikakumbuka. Siku nilipomwandikisha yule mtamba akiwa kitoto cha wiki mbili, nilimuuliza jirani swali lile lile kwenye kiti kile kile, naye akaniambia kwamba mvua ya mwaka huo ilikuwa imechelewa. Nikamkubalia kuhusu mvua, nikabonyeza kitufe cha kuendelea, na kihariri kikajaza.

Mimi nimezaliwa huku. Najua kwamba ukimwalika mzee mkutanoni naye akakuambia mawingu yameshuka, huna haja ya kumwekea kiti. Nimekaa kwenye mazungumzo ya mahari ambamo hakuna aliyesema hapana kutwa nzima. Waliomba tu maji ya kunywa, na kila mmoja akaelewa mbuzi waliotajwa hawatoshi. Kwetu mtu akinyamaza amejibu, na mara nyingi amejibu kitu ambacho hukutaka kukisikia. Hayo yote niliyajua nikiwa nimesimama. Nikiketi mbele ya kompyuta nilikuwa mtu wa nchi nyingine, nchi ambamo mtu asiyesema kitu anamaanisha mambo ni kama kawaida.

Niligeuza kiti nikamtazama. Nikamuuliza kama ambavyo mama yangu angemuuliza, kwa kuacha mlango wazi.

"Mama, nisiandike nani?"

Aliweka kikombe chini. "Usiandike yule mweupe," akasema, mara moja, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Basi niandike nani?"

Akatazama upande wa jikoni, ambako sauti ya sufuria ilikuwa imekatika ghafla. "Sasa hapo, karani, uliza nyumba yako."

Mama watoto alikuja na birika. Sikuwa nimemwita. Alimjazia mgeni kikombe, akajaza na changu ambacho kilikuwa bado kimejaa, chai ikamwagikia sahani.

"Mama watoto," nikasema, "yule mbuzi wako wa kahawia, dume. Alihasiwa?"

"Utakula nduma ama mkate?"

Nilifungua faili la boma letu wenyewe. Mbuzi wa kahawia, dume, wa kienyeji: amehasiwa. Sikuwahi kuliandika neno hilo. Kwa kuwa sheria ya kundi ilisema kila dume wa kienyeji ahasiwe, nilikuwa nimekiagiza kihariri kwamba nisipoandika kitu, kijaze amehasiwa. Na siku nilipomuuliza mama watoto, nakumbuka sasa, aliniuliza kama nataka chai.

Kisha yote yakatoka, nusu kutoka kwa mmoja na nusu kutoka kwa mwingine, wakipokezana kama wanawake wanaotwanga kwenye kinu kimoja. Wanachama walikuwa wakipeleka mbuzi kituoni wakakuta banda tupu. Mbuzi akiwa kwenye joto hasubiri kwato za Kibugu zipone. Wakirudi, njia inapita kando ya ua wetu, na ndani ya ua alikuwapo wa kahawia, mzima wa afya, akiwatazama.

"Na lango nani alikuwa anafungua?" nikauliza.

"Lango lina mwenyewe," alisema jirani.

"Nilikuwa nafungua," alisema mama watoto. "Ulikuwa dukani, unapima mbolea."

"Bure?"

"Kwani lango ni la kanisa? Hamsini."

Jirani yangu akacheka mpaka akalishika goti. "Lakini, karani, sisi tulijua unajua! Tungekuambiaje usoni kwamba ni beberu wa bibi yako? Ukaniuliza, nikaongea mambo ya mvua, na wewe ukaongea mambo ya mvua, ukaandika yule mweupe. Tukasema, huyu karani ana heshima. Anaona, anafunika."

"Sikuwa nimeona kitu."

"Sasa ndio tunajua."

Nikaelewa pia jambo jingine lililokuwa limenipendeza kwa muda mrefu. Mwaka ule wanachama walikuwa wameniletea vitu: mikungu miwili ya ndizi, mayai, nduma, na mmoja jogoo mzima. Nilikuwa nimemwambia mama watoto kwamba watu wameanza kuthamini kumbukumbu zilizopangwa vizuri. Alinikubalia, akamchinja jogoo.

Ilikuwa imefika saa tatu na nusu. Jirani alikuwa ameacha kucheka. "Sasa nisikize," akasema kwa sauti ya chini. "Cheti ni chako. Mimi sijawahi kusema mweupe, na leo nimekuambia usimwandike. Ukimwandika, huo ni uandishi wako. Usipomwandika, tangi imeenda. Mbuzi yangu ni ile ile hata hivyo. Sitakwambia kitu. Nakunywa chai."

Akanyamaza, na safari hii sikuweza kabisa kujua kunyamaza kule kulikuwa na maana gani. Nadhani hata yeye hakujua. Kompyuta ilikuwa tayari. Kihariri hakikatai kuchapisha mstari mwekundu. Nyekundu ni rangi tu, haitoki kwenye karatasi. Kitufe kimoja kingemletea maji nyumbani. Alikuwa amenieleza wiki moja kabla atakapoliweka tangi, kwenye kona ya jiko, juu ya mawe aliyoyasawazisha mwenyewe. Na kosa lilikuwa la mashine yangu, si lake. Mtu anaweza kulipanga jambo hilo kwa njia nyingi ambazo zote zinaishia kwenye kitufe kile.

Mnunuzi aliingia saa nne kasoro dakika tano. Alikuwa nesi mstaafu kutoka upande wa Nkubu, mwanamke mrefu mwenye koti la mvua na buti, na alimpitia kwanza mtamba, ambaye jirani alikuwa amemfunga uani kwetu, kabla ya kutusalimu sisi. Alimtazama meno, akampapasa tumbo, akamwinua mguu. Kisha akaingia, akapewa chai, akaniuliza swali moja.

"Karani, beberu wangu kule nyumbani alitoka Kibugu. Baba yake ni yule mweupe wenu. Yeye na huyu mtamba hawana undugu?"

Kama ningetaka kuandika uongo, sasa ungelazimika kuwa uongo wa mdomo, na mwongozo wangu wa kurasa mia moja na arobaini haukuwa na sura ya jambo hilo. Kwa cheti kile, mtamba na beberu wake walikuwa ndugu wa baba mmoja. Angemkodishia beberu mwingine kila mwaka, kwa fedha zake, kwa sababu ya jina nililoliweka kwa uvivu.

Nilimtazama jirani yangu. Alikuwa anatazama kikombe.

"Hawana undugu," nikasema. "Baba yake si yule mweupe. Ni wa kahawia, wa kienyeji, wa hapa kwangu. Mtamba ana robo, si robo tatu. Cheti kilikosewa, na aliyekosea ni mimi. Huyu mama hajawahi kusema vinginevyo."

Nesi alinitazama, akamtazama mama watoto, akatazama dirishani ambako wa kahawia, kwa kukosa adabu, alikuwa amepanda juu ya mawe akijionyesha.

"Huyo?"

"Huyo."

Akaanza kucheka polepole. "Karani, mimi nimejaza fomu za kliniki maisha yangu yote. Mahali pa baba, mama akinyamaza, nilikuwa naacha pengo. Wewe ulikuwa unajaza?"

"Mashine ilikuwa inajaza."

"Na mashine ilikuwa inamjua baba?"

Mama watoto akaomba radhi, akaenda jikoni kucheka huko.

Nesi akasema angempa elfu saba. Jirani yangu alisema mbuzi ni mbuzi. Nesi akasema miguu ile ya kienyeji ingefaa miteremko ya kwao, na kwa kuwa sasa hana undugu na beberu wake angeongeza elfu moja, na shukrani ya kuambiwa ukweli imo humo humo. Elfu nane. Jirani alizipokea, akazihesabu mara mbili, akazifunga kwenye kitambaa. Hakunilaumu. Alifunga kilemba upya, akauliza kama anaweza kubeba nduma moja ya kula njiani, akaondoka akiburuta lile goti kuelekea bondeni, maana alikuwa hajachota maji ya siku hiyo.

Mama watoto alisimama mlangoni akimtazama mpaka akapotea kwenye migomba.

"Elfu sita," akasema.

"Najua."

"Wa kahawia atauzwa Jumanne."

Sikuuliza kama ana hakika. Nilikuwa nimejifunza kuuliza, lakini pia nilikuwa nimejifunza kutouliza. Jumanne mchinjaji wa Kianjokoma alimchukua kwa elfu nne mia mbili, nami nikaongeza elfu moja mia nane za akiba yangu ya kununua printa mpya. Tulizipeleka pamoja kwa jirani jioni hiyo. Alikataa mara moja kwa ajili ya adabu, kisha akauliza hizo fedha zinaitwaje.

"Ni za kosa langu," nikasema.

"Aa. Nilidhani ni mahari." Akazipokea. "Beberu yenu ilioa kwangu bila wazee, bila asali, bila kitu. Mmechelewa, lakini mmeleta." Tangi lilifika kwake Alhamisi kwa mkokoteni wa punda, nasi tukaenda kulisukuma juu ya mawe.

Mkutano wa kundi uliofuata niliwasomea mistari yote kumi na mitatu, mmoja mmoja, na marekebisho yake. Baba: beberu wa kahawia, boma la karani. Nilisoma kwa sauti sawa, kama nisomavyo kila kitu, na kufikia wa tano chumba kizima kilikuwa kimeinama, mabega yakitikisika. Hakuna aliyeshangaa. Nilipomaliza, mzee mmoja alisimama akapendekeza karani asamehewe faini ya kufuga beberu wa kienyeji, kwa kuwa mfugaji mwenyewe ndiye hakujua. Pendekezo likapita. Tangu siku hiyo, nikiwa dukani napima mbolea, wanachama kumi na watatu hawaniiti tena karani. Huingia wakasema, "Mkwe, habari za wajukuu?" na kwa kuwa ni lazima nijibu, najibu kwamba wanaendelea vizuri.

Kihariri nilikirekebisha kwa muda wa Jumapili mbili. Niliondoa kwanza ile hali ya msingi. Sasa faili lisilo na mkia linafunguka tupu, bila swali lolote, na mtu anaweza kumwandikia dada yake kwa amani. Kisha nikaondoa majibu yote ya kujijaza. Hilo lilikuwa gumu zaidi kwa mtu wa tabia yangu. Kila mstari wa maagizo nilioufuta nilikumbuka siku niliyouandika na jinsi ulivyokubali mara ya kwanza. Mahali pa beberu pakiachwa wazi, panabaki wazi, na damu haikokotolewi. Mwisho nikabadilisha swali lenyewe. Kioo hakiulizi tena beberu ni nani. Kinauliza nisiandike nani. Mama watoto alilisoma juu ya bega langu akasema hatimaye mke wa mabano ameanza kujua lugha ya huku.

Mtu mmoja wa kundi la Kibugu aliyekuja kutazama mfumo wangu aliniambia hiyo ni njia ya ajabu ya kutunza kumbukumbu. Wanachama wetu wanaijibu bila kusitasita. Wengine hata wanataja watatu au wanne wa kutoandikwa, pamoja na mabeberu ambao sikuwa na habari kwamba wapo.

Hesabu ya jambo zima niliifunga mwisho wa mwezi ule. Bei ya beberu wa kahawia, elfu nne mia mbili. Nyongeza yangu, elfu moja mia nane. Vyeti kumi na vitatu vya kuchapishwa upya kwa shilingi ishirini kila kimoja, mia mbili na sitini. Kutoka hapo nilitoa mapato ya lango, hamsini mara kumi na tatu, yaani mia sita na hamsini. Mama watoto alipinga jambo hilo kwa nguvu, akisema fedha zile zilinunua sukari na sukari ile niliinywa mimi, lakini hesabu ni hesabu. Hasara ya nyumba yetu ilikuwa shilingi elfu tano mia sita na kumi.